Pistoni ya Injini ya Mipigo Miwili: Ibadilishwe Lini?

Mvua zinapokatika mwezi wa Aprili au Mei, njia za vijijini katika Mkoa wa Dodoma hugeuka unga. Barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati sasa ina lami, lakini muuguzi anayepeleka chanjo, bwana mifugo anayekwenda kuona ng'ombe wagonjwa, na mwalimu anayefuata mitihani wilayani, wote huiacha lami mapema na kuingia katika vumbi. Wengi wa watumishi hao wamepata kupanda pikipiki za njia mbaya zenye injini ya mipigo miwili, kama vile Yamaha AG100 na Yamaha DT125. Pikipiki hizo ni nyepesi, injini zake zina viungo vichache, na fundi mwenye funguo chache aweza kuifungua injini nzima chini ya mti. Hata hivyo, zina kiungo kimoja ambacho huisha upesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Kiungo hicho ni pistoni.

Je, pistoni ibadilishwe lini? Ukiwauliza wapanda pikipiki wanne utapata majibu manne. Wa kwanza atasema baada ya kilomita kadhaa; wa pili, injini inapoanza kugonga; wa tatu, inapotoa moshi; na wa nne, kompresheni inaposhuka. Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba kila moja ya dalili hizo yaweza kudanganya, na kwamba katika uwanda wa kati hudanganya zaidi kuliko pwani. Jibu la kutegemewa hupatikana kwa kupima, nayo ni kazi ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya kwa hesabu anazozijua tayari.

Kukosea kuna gharama pande zote mbili. Anayebadilisha mapema mno hutupa fedha. Anayechelewa huhatarisha injini nzima, maana pistoni iliyochakaa huyumba ndani ya silinda, sehemu yake ya chini, ambayo mafundi huiita sketi, huanza kupata nyufa, na siku moja hukatika. Vipande huangukia ndani ya kasha la krenki na kuharibu beringi pamoja na mkono unaounganisha pistoni na krenki. Mtu aliyekuwa na haja ya kipuri kimoja sasa ana haja ya injini, naye yupo porini, na sanduku la chanjo lenye barafu limefungwa nyuma yake.

Kazi tatu za pistoni moja

Katika injini ya mipigo minne, kama zilivyo pikipiki nyingi za bodaboda leo, pistoni husukumwa na moto, na vali hufungua na kufunga njia za hewa. Injini ya mipigo miwili, ya namna iliyotengenezwa na Mwingereza Joseph Day kuanzia mwaka 1889, haina vali za namna hiyo juu ya silinda. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Inapopanda na kushuka hufunika na kufunua matundu yaliyotobolewa katika ukuta wa silinda: tundu la kutolea moshi na matundu ya kupitishia mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Isitoshe, pistoni ni pampu pia. Inapopanda, upande wake wa chini huvuta mchanganyiko kuingia katika kasha la krenki. Inaposhuka, huusukuma mchanganyiko huo uende juu.

Kwa hiyo pistoni hupokea moto, hufunga milango na hupiga pampu, na yote hayo kwa kila mzunguko mmoja wa krenki. Pistoni ya AG100 ina kipenyo cha milimita 52 kwa kukadiria, na hutembea milimita 45.6 kwenda juu na kiasi hicho hicho kurudi chini. Krenki ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni hutembea mita 456 kila dakika, yaani zaidi ya kilomita 27 kwa saa, ikisugua ukuta ule ule wakati wote. Tena hulainishwa na oili kidogo tu iliyochanganyika na petroli, ambayo hupita mara moja na kuungua. Hakuna bwawa la oili la kurudia kuiosha, wala chujio la oili la kukamata uchafu.

Hapa twaona kwa nini kilomita ni kipimo dhaifu. Mtu anayepita mchangani kwa gia ya kwanza aweza kuizungusha krenki mara tatu zaidi kwa kila kilomita kuliko yule anayekwenda kwa gia ya juu katika lami. Waendesha pikipiki za mashindano huhesabu saa za kazi badala ya kilomita, na hubadilisha pistoni baada ya saa chache sana, kwa sababu injini zao hukazwa hadi mwisho. Kwa mtumishi wa kijijini asiye na saa ya injini, daftari la lita za petroli ni afadhali kuliko mita ya kilomita: petroli iliyoungua hufuata kazi iliyofanywa, hata kama kazi hiyo ilikuwa kujikwamua mchangani.

Nafasi isiyoonekana kwa macho

Tukichukua pistoni mpya na silinda mpya, tukaziweka pamoja zikiwa baridi, hazitagusana kila upande. Kiwanda huacha nafasi ndogo, na kwa injini ndogo zinazopozwa kwa hewa nafasi hiyo kwa kawaida huwa kati ya sehemu nne na sita za mia za milimita. Kwa mfano wetu tutachukua milimita 0.05. Unywele wa binadamu mara nyingi ni mnene kuliko hapo.

Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya joto. Pistoni hutengenezwa kwa aloi ya alumini yenye silikoni, ambayo kila milimita yake hutanuka kwa kiasi cha milimita 0.000019 joto linapopanda kwa digrii moja ya Sentigredi. Ukuta wa silinda nyingi za aina hii ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, nacho hutanuka kwa kiasi cha 0.000011 tu. Tuseme vyote viwili vimepata joto kutoka digrii 25 hadi digrii 125. Kipenyo cha pistoni kitaongezeka kwa

52 × 0.000019 × 100 = milimita 0.099,

na kipenyo cha silinda kwa

52 × 0.000011 × 100 = milimita 0.057.

Tofauti ni milimita 0.042. Basi ile nafasi ya 0.05 imebaki 0.008, ambayo ni utando wa oili tu. Sasa tuseme dereva anapanda mlima kwa nguvu akiwa na mchanganyiko wenye petroli chache, na sketi ya pistoni inafika digrii 155 huku silinda ikibaki 125. Pistoni itaongezeka kwa milimita 0.128, na tofauti itakuwa 0.071. Nafasi imekwisha na kupita. Alumini hujibana katika chuma, injini husimama ghafla, na gurudumu la nyuma huburuzika. Mafundi husema injini imenoki.

(Katika hali halisi pistoni haina umbo la mcheduara kamili, kiwanda huipunguza kidogo juu, mahali penye joto zaidi. Hesabu hizi ni za kufundishia, lakini hazipo mbali na ukweli.)

Mfano huu hueleza pia mgongo mmoja wa sauti. Injini yenye pistoni iliyochakaa hugonga asubuhi ikiwa baridi, kisha hunyamaza baada ya dakika chache. Haikupona, imetanuka. Anayempelekea fundi pikipiki iliyokwisha kupata moto, akamwambia asikilize, anamwonea. Yafaa injini isikilizwe ikiwa imelala usiku kucha. Na hata hivyo sauti haitoshi, kwa kuwa petroli mbaya, beringi ya pini ya pistoni na mnyororo uliolegea, vyote huweza kugonga kwa namna inayofanana.

Vumbi la itale

Sasa tuje kwenye jambo linaloutofautisha uwanda wa kati na mahali pengine. Miamba ya Dodoma ni ya kale sana; ni sehemu ya bamba la itale na mawe ya jamii yake lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Vichuguu vya mawe makubwa anavyoviona msafiri pande zote za mji ni mabaki yake. Itale ina madini ya namna kadhaa, na aghalabu robo yake au zaidi ni kwatzi. Mwamba unapooza kwa jua na mvua, madini mengine hugeuka udongo laini, lakini kwatzi haiozi. Hubaki chembe ngumu, ikavunjwa na magurudumu na kwato hadi ikawa ndogo ya kutosha kupeperuka. Mahali ambapo ardhi imemomonyoka, kama ilivyokuwa huko Kondoa hata ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, chembe hizo hupatikana kwa wingi zaidi.

Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ina namba 7. Alumini haifiki 3, na chuma cha kusubu kipo kati ya 4 na 5. Chembe ya kwatzi hukwaruza vyote viwili.

Ni kiasi gani cha vumbi hicho? Injini yenye ujazo wa sentimita za ujazo 97, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika na kuvuta nusu tu ya ujazo wake kila mzunguko, huvuta karibu lita 240 kwa dakika, yaani mita za ujazo 14.5 kwa saa. Tuseme dereva anafuata gari, na kila mita ya ujazo ya hewa ina sehemu moja ya kumi ya gramu ya vumbi. Kwa saa tatu kwa siku, siku ishirini za kazi, vumbi linalofika mlangoni kwa injini ni gramu 87. Chujio la hewa likizuia sehemu 99 katika 100, hupita chini ya gramu moja. Likiwa na mpasuko unaopitisha sehemu moja ya kumi tu ya hewa, hupita zaidi ya gramu nane na nusu. Mpasuko mdogo umeongeza vumbi mara kumi.

Katika injini ya mipigo minne vumbi hilo huingia juu ya pistoni na sehemu yake hutoka na moshi. Katika injini ya mipigo miwili huingia kwanza ndani ya kasha la krenki, likapita katika beringi zote, kisha likapanda juu. Hakuna kiungo kinachosalimika.

Kuna jambo jingine la ajabu kidogo, ambalo mwalimu aweza kulionyesha darasani. Weka tone la oili na chembe kidogo za mchanga laini juu ya kipande cha kioo, kisha zisugue kwa kipande cha sufuria kuukuu ya alumini kilichofungwa katika kitambaa nene ili kisikate mkono. Kioo kitapata mikwaruzo mingi. Ukitazama alumini kwa lenzi utaona baadhi ya chembe zimejichimbia humo na kukaa. Metali laini imezishika chembe ngumu na kugeuka msasa. Ndivyo pistoni laini inavyoweza kuila silinda iliyo ngumu kuliko yenyewe. Basi mtu asistaajabu akipima na kukuta silinda imekwisha kuliko pistoni.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa gharama yake mwenyewe. Katika kiangazi kimoja alibadilisha pistoni ya pikipiki yake, na kabla mvua hazijanyesha injini ilikuwa ikigonga tena. Alikuwa tayari kulilaumu duka lililomuuzia. Fundi aliifungua, akaigeuza pistoni mkononi, akanionyesha upande unaotazama tundu la kuingizia hewa. Upande huo ulikuwa wa kijivu, umefifia kama kioo kilichopigwa msasa, na sketi yake imekuwa nyembamba kwa chini; upande wa pili ulikuwa bado unang'aa. "Mwalimu," alisema, "pistoni hii haikufa kwa uzee. Imelishwa mchanga." Tukaufuata mpira unaounganisha chujio na kabureta, tukakuta umepasuka chini ya kibanio chake, mahali pasipoonekana bila kuung'oa. Nilikuwa nimeosha chujio kila juma, na hewa ilikuwa ikipita pembeni.

Tangu siku hiyo naona kwamba swali la lini pistoni ibadilishwe haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza vumbi limepita wapi. Njia rahisi ni kuchukua kitambaa cheupe, kukifunga kwenye kijiti na kupangusa ndani ya mpira, baada ya chujio na kabla ya kabureta. Kitambaa kikitoka na wekundu wa udongo, kuweka pistoni mpya ni kuilisha nyingine. Chujio la sponji lioshwe kwa mafuta ya taa mbali na moto, kisha kwa maji ya sabuni, likaushwe, lilowekwe oili na kukamuliwa bila kusokotwa. Sponji kavu haifai hata ikiwa safi. Hewa hupinda kona ndani ya sponji kwa urahisi, lakini chembe ya vumbi, kwa sababu ya uzito wake, huendelea moja kwa moja na kugonga ukuta. Oili ndiyo inayoishika isiendelee na safari.

Moshi na kompresheni

Kuhusu moshi tutasema kwa ufupi. Aliyezoea pikipiki ya mipigo minne anajua kwamba moshi wa buluu ni ishara ya ringi zilizochoka. Katika injini ya mipigo miwili oili huunguzwa kwa makusudi, na moshi ni jambo la kawaida. Ukizidi, chunguza kwanza kiasi cha oili, halafu sili za krenki, maana sili iliyokufa upande wa gia huiacha oili ya gia kuingia na kuungua. Pistoni mara nyingi haihusiki.

Kompresheni yahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapa mwinuko wa Dodoma huwapotosha hata mafundi wazuri. Mji wa Dodoma upo kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni karibu kilopaskali 89, ilhali Dar es Salaam ni karibu 101. Pistoni haiwezi kugandamiza hewa ambayo haikuingia. Tuseme injini nzima ilipimwa Dar es Salaam na geji ikaonyesha kilopaskali 830. Geji huonyesha ziada juu ya kanieneo ya nje, kwa hiyo kanieneo kamili ndani ya silinda ilikuwa 830 + 101 = 931. Injini ile ile ikipelekwa Dodoma, kanieneo kamili itakuwa

931 × 89 ÷ 101 = 820,

na geji itaonyesha 820 − 89 = 731. Kilopaskali mia moja zimepotea na hakuna kilichochakaa. Fundi kijana aliyejifunza kazi pwani, akiwa na namba za pwani kichwani, ataihukumu pistoni nzima. Geji hutumika vizuri zaidi kwa kulinganisha injini na nafsi yake: ipimwe pistoni ikiwa mpya na imezoea, namba iandikwe, na vipimo vya baadaye vifanywe mahali pale pale, injini ikiwa na moto, kaba ikiwa wazi kabisa. Ikishuka kwa sehemu moja ya tano, kuna sababu ya kufungua na kupima.

Kupima

Fundi mwenye maikromita hupima pistoni karibu na ncha ya chini ya sketi, kwa mwelekeo unaokata pini kwa pembe mraba, kwa sababu hapo ndipo inapokuwa pana kuliko pote. Urefu kamili wa kutoka ncha ya sketi hutajwa katika kitabu cha injini. Kisha hupima ndani ya silinda juu, katikati na chini, mbele-nyuma na kushoto-kulia, na kuchukua kipimo kikubwa kuliko vyote. Tofauti ni nafasi. Katika injini nyingi za ukubwa huu nafasi ikifika milimita 0.10, kazi ya pistoni hiyo imekwisha. Kitabu cha injini kikitaja namba nyingine, hicho ndicho kifuatwe.

Lakini maikromita na kipimo cha ndani ya silinda ni vitu adimu vijijini. Fila geji, ile seti ya vipande vyembamba vya chuma, hupatikana kwa bei ndogo, na kwa msaada wa jiometri hufanya kazi kubwa. Chukua ringi moja ya pistoni. Iingize katika silinda chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki injini inapofanya kazi na ukuta haujaliwa nazo. Inyooshe kwa kuisukuma kwa kichwa cha pistoni, na upime mwanya uliopo kati ya ncha zake mbili. Halafu ipandishe hadi karibu na juu, chini kidogo ya mwisho wa safari ya ringi, na upime tena. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo kipenyo kikiongezeka kidogo, mwanya huongezeka mara 3.14 ya ongezeko hilo. Kama mwanya wa chini ni milimita 0.30 na wa juu ni 0.55, tofauti ni 0.25, na

0.25 ÷ 3.14 = milimita 0.08.

Silinda imeliwa kwa milimita 0.08 huko juu. Haidhuru kama ringi yenyewe ni kuukuu, maana uchakavu wake upo katika vipimo vyote viwili na hujifuta katika kutoa. Mwandishi huliona jaribio hili kuwa miongoni mwa matumizi mazuri ya namba 3.14 nje ya daftari la hesabu. Kwa kujua nafasi ya pistoni, iingize katika silinda bila ringi, na ujaribu kupitisha vipande vya fila geji upande wa sketi, kuanzia kile chembamba. Kinene kuliko vyote kinachopita bila kulazimishwa ndicho jibu.

Kipimo kikishapatikana huja uamuzi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuchukue injini mbili, zote zilizotoka kiwandani zikiwa na silinda ya milimita 52.01 na pistoni ya 51.96. Ya kwanza sasa ina silinda ya 52.02 na pistoni ya 51.90. Nafasi ni 0.12, lakini silinda ni nzima. Pistoni mpya ya kipimo cha kawaida itairudisha nafasi kuwa 0.06, nayo inatosha. Ya pili ina silinda ya 52.10 na pistoni ya 51.93. Nafasi ni 0.17. Ukiweka pistoni mpya ya kawaida bado utabaki na 0.14, na kelele itarudi kabla ya mwezi. Hiyo haina budi kupelekwa karakana yenye mashine, silinda ikerezwe hadi 52.26, na ifungwe pistoni ya ovasaizi ya 0.25, yenye kipenyo cha 52.21. Pistoni inunuliwe kwanza na kupimwa, ndipo silinda ikerezwe kuifuata. Silinda zilizopakwa tabaka gumu la kromiamu au nikeli, kama zilivyo nyingi za pikipiki za mashindano, hazikerezwi kwa njia hii ya kawaida.

Zipo hali ambazo hazihitaji kipimo. Ufa wowote katika sketi, hata mdogo kama unywele. Mfereji wa ringi uliopanuka hata ringi inacheza juu na chini. Tundu la pini lililolegea. Alama za kuungua au kuyeyuka pembeni mwa kichwa. Hizo zote ni hukumu ya mwisho. Pistoni iliyonoki kidogo, ikabaki na michirizi myepesi, yaweza kusafishwa na kurudishwa iwapo nafasi inaruhusu, lakini sababu ya kunoki itafutwe kwanza. Mojawapo ni hii: dereva aliyepunguza petroli ya kabureta ili ifae hewa nyepesi ya Dodoma, kisha akateremka Morogoro, penye mwinuko wa kiasi cha mita 500 tu, bila kuirekebisha. Hewa huko ni nzito zaidi, petroli haitoshi, na joto hupanda.

Pistoni mpya ikiisha kufungwa, pini yake ishikwe kwa klipu mpya, zile za zamani zisirudishwe. Katika siku za kwanza injini isikazwe, ipumzishwe ipoe mara kwa mara, na isibebe mzigo mzito mlimani.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Injini ya DT125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 56. Pistoni na silinda zikipata joto kutoka digrii 25 hadi 125, nafasi itapungua kwa kiasi gani? Tumia namba za kutanuka zilizotajwa hapo juu.

2. Ringi iliyowekwa chini ya silinda ina mwanya wa milimita 0.35, na ikiwekwa juu ina mwanya wa 0.66. Silinda imeliwa kiasi gani? Kama kipenyo cha chini ni 52.01, je, pistoni mpya ya 51.96 itafaa?

3. Geji ya kompresheni ilionyesha kilopaskali 900 Dar es Salaam. Itaonyesha ngapi Dodoma kwa injini ile ile?

4. Kusanya vumbi la njia iliyo karibu na shule yenu, lioshe kwa maji mara kadhaa hadi udongo laini uondoke, kisha sugua chembe zilizobaki juu ya kioo. Je, zinakwaruza? Linganisha na vumbi la mahali penye udongo mweusi wa mbuga.

Majibu: (1) milimita 0.045. (2) Karibu milimita 0.10, haitafaa, maana juu ya silinda nafasi itakuwa karibu 0.15. (3) Karibu kilopaskali 793.